Usizime Kompyuta

Watu wa Keko wanamjua Eufrazia Komba kwa mambo mawili: makava ya masofa anayoshona, na mdomo. Sofa likivishwa kava lake huwezi kudhani liliwahi kuwa uchi, na neno lake likikupata hulivui kirahisi. Mafundi seremala wa barabarani, wanaume wazima wenye misumari midomoni, humpisha akipita na robota lake la vitambaa kichwani, kwa sababu ukimwekea mbao njiani atakueleza ulivyolelewa na aliyekulea. Kwa hiyo Jumamosi ile, aliporudi kutoka sala za jumuiya akaikuta kompyuta yake kioo cheusi, uani kote walijua kwamba mama Anna amerudi.

"Nani kazima umeme? Nani mwenye mkono unaomuwasha humu ndani?"

Kompyuta ilikuwa juu ya meza ndogo kando ya kitanda cha mumewe, imekaa kimya. Eufrazia alibonyeza kila kinachobonyezeka, kuanzia swichi ya ukutani hadi kitufe cha kuwashia, kwanza kwa kidole, halafu kwa dole gumba, halafu kwa kiganja kizima. Ikawaka. Vidoti vyeupe vikazunguka, maandishi yakatokea kwamba inajiandaa kujirekebisha, kisha kioo kikawa cheusi na mchezo ukaanza upya. Vidoti, maandishi, giza. Alichomoa waya akauchomeka tena. Aliipiga ubavuni vibao viwili, vile anavyoipiga redio yake ikikwaruza, na kompyuta ikaendelea kuzungusha vidoti vyake bila kujali imepigwa na nani.

Kornelio, mumewe, alikuwa kitandani ameegemea mito, anamtazama.

"Baba Anna, umeme ulikatika?"

"Ndiyo," alisema Kornelio.

"Ulikatika kabisa au uliyumba tu?"

"Ndiyo."

Eufrazia alisonya. Hakuwa anamsonya yeye, alikuwa anaisonya hali. Tangu kiharusi kimpate, wiki ya Pasaka, Kornelio alikuwa amebakiwa na neno moja. Ukimuuliza kama amelala, ndiyo. Ukimuuliza kama yuko macho, ndiyo. Na kichwa nacho kilikuwa kinafuata mdomo, kinaitikia kila kitu. Nesi wa mazoezi alimweleza Eufrazia kwamba akili ya mgonjwa iko palepale, anasikia, anaelewa, hata kusoma anasoma, ila njia ya kutokea maneno imebomoka na linapita lile lililo karibu na mlango. Eufrazia alimshukuru sana. Halafu alifika nyumbani akaendelea kuichukua ndiyo kuwa ndiyo, maana angefanyaje? Huwezi kuishi na mtu chumba kimoja ukawa unamkisia kutwa nzima.

Na huyu hakuzaliwa kuwa mtu wa neno moja, hapo ndipo palipomuuma. Siku za kazi Kornelio alikuwa seremala, anachonga vitanda na makabati pale pale Keko. Jumamosi alivaa suti ya rangi ya maziwa akawa mshereheshaji. Ameingiza maharusi wasiohesabika ukumbini, amewanyanyua kwenye viti mashangazi waliokuja wamenuna, amewafanya mabosi wazito wakate viuno mbele ya wafanyakazi wao. Hata ugomvi wa nyumbani aliutangaza. Eufrazia akikasirika, yeye alichukua mwiko akaushika kama kipaza sauti: "Mabibi na mabwana, naomba utulivu, mama Anna amenuna!" Basi Eufrazia alinuna huku anacheka, na kwa kweli hicho ndicho kilichomzuia asirudi kwao Mbinga ile miaka ambayo Kornelio alikuwa akitoka kwenye sherehe na asifike nyumbani.

Video za sherehe hizo zilikuwa ndani ya kompyuta ile. Kornelio aliinunua mkononi kwa mtu ili awaonyeshe wateja kazi zake, na baada ya kiharusi ikageuka dawa. Nesi alisema mgonjwa asikilizishwe vitu alivyovizoea, nyimbo, sala, maneno aliyokuwa akiyasema mwenyewe. Basi kila siku baada ya chakula cha mchana Eufrazia alimnyanyua, akamwegemeza, akageuza kioo kimwelekee, akauliza, "Nikuwekee?" Kornelio akajibu ndiyo, na sauti yake ya zamani ikajaa chumbani.

Na mabadiliko alikuwa anayaona kwa macho yake. Midomo ya Kornelio ilianza kutetemeka kila video inapoanza. Mkono wa kushoto, ule uliosalimika, ulikuwa unalikunja shuka. Siku moja machozi yalimtoka. Eufrazia alikwenda jumuiya akatangaza kwamba maneno yanakaribia, yako mlangoni, ni suala la siku tu. Wanajumuiya wakapiga makofi, wakamshukuru Mungu, na Mzee Didas, mwenyekiti wao, akaahidi kuja kumwombea mgonjwa kila wiki. Sasa kompyuta imegoma. Alichokiona Eufrazia kwenye kile kioo cheusi ni mumewe amefungiwa humo ndani, na yale maneno yaliyokuwa mlangoni yamerudishwa nyuma kwa teke.

Kwa maoni yake kosa lilianza kwa Anna. Huyu ni binti yao, karani huko Dodoma, na ndiye aliyeigeuza kompyuta ikaandika Kiswahili alipokuja kumwona baba yake baada ya kiharusi, ili mama yake asisumbuke.

"Mama, hilo toleo limezeeka," Anna alimwambia kwenye simu. "Ndiyo maana video zinakwamakwama. Ikikuuliza kama unakubali kuboresha mfumo, kubali. Ila ikishaanza, usiizime katikati."

"Ikizimwa?"

"Isizimwe, mama."

Basi Jumamosi asubuhi ilimuuliza, akakubali. Kioo kikawa cha bluu, maandishi meupe makubwa yakatokea: inasasisha, asilimia kadhaa tayari, usizime kompyuta yako. Eufrazia aliikodolea macho mpaka ikafika sitini na kitu, akachoka. Muda wa jumuiya ulikuwa umewadia. Alijifunga kitenge, akamrekebishia Kornelio mito.

"Baba Anna, niangalizie hii. Unaona ilivyoandika? Isizimwe. Ikimaliza itakuwa inakimbia, nitakuwa nakuwekea hata mara mbili kwa siku."

"Ndiyo," alisema Kornelio, macho kwenye kioo.

Akatoka. Na aliporudi ndiyo hayo.

Sasa, ua lile lina desturi yake, na mgeni asiyeijua atadhani wakazi wake wamerukwa na akili. Wapangaji wote wanatumia mita moja, na meinswichi iko barazani, karibu na mlango wa mpangaji mwenzao Mwajabu. Zamani kidogo radi iliwahi kuunguza televisheni ya mpangaji mmoja, moshi ukatoka, watoto wakalia, na tangu hapo ikakubalika kwamba wingu likifunga, yeyote aliye karibu ashushe meinswichi. Habishi hodi, haulizi. Mwajabu ndiye aliye karibu siku zote, na hofu ya radi anayo ya kutosha ua zima. Kuna watu wameachwa na nguo iliyopigwa pasi upande mmoja. Kuna mwalimu aliyewahi kwenda kazini amenyolewa nusu kichwa na mashine yake mwenyewe. Na Jumamosi ile, Eufrazia akiwa jumuiya, matone ya mvua yalikuwa yameanguka. Ushahidi mwingine wa nini?

"Mwajabu! Toka nje!"

Mwajabu alitoka na mikono mibichi. Ni mwanamke wa Newala, mnene, mpole, anauza barafu za ukwaju kwa wanafunzi.

"Kulikoni jirani? Hata salamu hamna?"

"Salamu utaipata nikishaipata kompyuta yangu. Umeshusha meinswichi."

"Mie? Saa ngapi? Mie tangu asubuhi nafunga barafu hapa."

"Mvua imenyesha, nimeiona."

"Manyunyu yale? Hata kanga zangu hazijalowa pale kambani. Wallahi sijaigusa."

"Usimwingize Mungu kwenye swichi!"

"Haya njoo, njoo ufungue friji mwenyewe." Mwajabu aliingia ndani akatoka na barafu, akamkandamizia Eufrazia kiganjani. "Hiyo nini? Si jiwe hilo? Umeme ungekatika ningekuwa na juisi sasa hivi. Shika, shika vizuri!"

Barafu ilikuwa ngumu kweli, ikamchoma kiganja kwa baridi. Eufrazia aliishika, akaitazama, na kukubali hakukubali.

"Friji lako jipya," alisema, "linatunza baridi."

"Makubwa haya."

"Mume wangu anakufa kwa sababu ya woga wako wa radi!"

Neno hilo lilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. Mwajabu aliingia ndani, akauvuta mlango. Eufrazia alirudi chumbani kwake anahema, na hapo ndipo alipogundua kwamba barafu ya watu ameondoka nayo mkononi. Alirudi akaiweka kizingitini pa Mwajabu.

Jumatatu aliifunga kompyuta kwenye kipande cha kitambaa cha sofa, fundo juu ya fundo kama mzigo wa mahari, tayari kuipeleka kwa fundi Manzese. Lakini mtu wa kumwangalizia Kornelio alikuwa Mwajabu huyohuyo, hakuna mwingine. Alisimama barazani akauambia ukuta, "Naenda Manzese. Uji wake wa ulezi uko kwenye chupa."

"Haya," Mwajabu naye akaujibu ukuta.

Fundi aliitwa Brightson. Kibanda chake kilibanwa kati ya mashine ya kusaga na karakana ya kuchomelea mageti, ng'ambo tu ya barabara yanakopita mabasi ya mwendokasi. Alikuwa kijana mchangamfu, ana redio inayopiga muziki wa singeli na meza iliyojaa matumbo ya kompyuta. Aliiwasha ile ya Eufrazia, akaviangalia vidoti mzunguko mmoja tu.

"Shikamoo mama. Ishu ndogo hii. Tunapiga windo, unaondoka nayo."

Kwa mafundi wa Dar es Salaam, kupiga windo ni dawa ya kila ugonjwa. Kompyuta nzito, piga windo. Ina virusi, piga windo. Spika imekauka sauti kwa sababu waya umechomoka, ataangalia waya baadaye, kwanza apige windo. Maana yake ni kufyeka kilichomo na kupanda mfumo mpya, na wateja wengi huondoka wamefurahi kabisa, furaha ambayo hudumu mpaka wafike nyumbani wazitafute picha zao.

"Vitu vyako viko D?" aliuliza Brightson, mkono mmoja tayari umeshika flashi.

"D ndiyo wapi?"

"Humu kuna vyumba viwili mama, C na D. Mfumo unakaa C. Mie nafyeka C, D siigusi."

"Vyangu viko pale juu. Ukiwasha tu unaviona, kwenye picha ya maua."

"Ah. Hapo napo ni C."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo vitaenda. Lakini itakuwa nyepesi, mama, utaipenda mwenyewe."

Eufrazia alisimama, kiti cha plastiki kikaanguka nyuma yake.

"Wewe kijana. Uniletee sofa limechanika mkono, mie nilichome moto sofa lote, nikwambie utapenda mwenyewe, sebule sasa ina nafasi? Hiyo ndiyo fundi? Umejifunza kwa nani, kwa mwizi? Mwizi naye akitoka nyumba inakuwa nyepesi!"

Mchomeleaji wa jirani alizima moto wake akanyanyua miwani. Mashine ya kusaga haikuzimwa, ila aliyekuwa anaiendesha alisogea mlangoni.

"Mama, tuliza munkari," alisema Brightson. "Sijasema haiwezekani. Inawezekana. Ila ni kazi ndefu, na mie nina mashine za watu hapa."

"Basi iwe ndefu."

"Uiache, uje Alhamisi."

"Siiachi. Nikigeuka tu utaipiga hilo windo lako." Aliokota kiti, akakisimamisha mbele kabisa ya meza, akakaa, mkoba mapajani. "Mie nimekaa. Fanya."

Na kweli alikaa. Wateja walikuja, wengine na simu zilizoingia maji, na kabla Brightson hajafungua mdomo Eufrazia alikuwa ameshawajibu, "Ana kazi yangu." Brightson alifura kimya kimya. Aliifungua kompyuta ubavu, akapuliza vumbi kwa ghadhabu, akachomoa diski, akaiunga kwa waya kwenye kompyuta yake mwenyewe. Alifungua faili moja baada ya jingine, anabofya kwa nguvu kama anayeua sisimizi. Mwisho akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa dau, "Vipo."

"Vyote?"

"Nione kama vinafungua."

Alibofya video, na sauti ya Kornelio ikakishika kibanda kizima. Ilikuwa sauti nene, yenye kicheko ndani yake, sauti ya mtu aliyeshiba na anayejua ukumbi uko mikononi mwake. "Muziki upo, chakula kipo, sasa mwenye miguu asimame acheze! Nahesabu hapa! Atakayebaki kwenye kiti huyo ni mgonjwa jamani, mwiteni nesi, aletewe na kitanda!" Ukumbi ukaangua kicheko, viti vikasikika vikisukumwa. Mchomeleaji naye akacheka, mtu wa mashine akacheka, hata Brightson akasahau kwamba amenuna.

"Huyu mzee noma! Nani huyu?"

"Mume wangu," alisema Eufrazia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alitabasamu.

"Anapigaga bado? Dada yangu anaolewa Desemba."

Tabasamu likaondoka. Aliyachukia maneno hayo, akamchukia na dada wa watu asiyemjua. "Amepumzika kidogo," alisema.

Wakati video zinahamishwa Brightson aliamua kutafuta chanzo, nadhani ili apate mtu mwingine wa kulaumiwa.

"Hii ilizimwa ghafla katikati ya kuboresha. Umeme ulikatika?"

Eufrazia alimsimulia habari ya meinswichi na Mwajabu, akasimulia na barafu, maana aliona ni sehemu ya ukaidi wa Mwajabu. Brightson alimsikiliza mpaka mwisho.

"Barafu ziliganda?"

"Ziliganda."

"Ngumu kabisa?"

"Kama jiwe."

"Sasa mama, uani si umeme ulikuwepo. Ulikatika kwako tu." Aliupima waya wa kompyuta, mzima. Akaipima ile ya ndani inayogawa umeme, nzima. "Swichi ya ukutani uliikutaje? Imewashwa au imezimwa?"

Eufrazia alijaribu kuukumbuka mkono wake Jumamosi ile ulivyofika ukutani, ulivyobonyeza. Ilikuwa juu au chini? Hasira zilikuwa zimeshabonyeza kabla macho hayajaangalia.

"Sikumbuki."

"Ukitokaga nyumbani huzimagi soketi zote? Mama yangu hatoki mpaka azime hata ambayo haijachomekwa kitu."

Eufrazia naye ndivyo anavyofanya. Pasi, cherehani, televisheni, mkono unazunguka wenyewe mlangoni. Damu ilimpanda usoni. "Unataka kusema nilizima mwenyewe?"

"Mie sijasema, mama."

"Piga hilo windo lako, nirudishie vitu vyangu nyumbani kwangu, ukome."

Brightson alipiga windo, safari hii kwa amani, akavirudisha vitu vyote kwenye D ambako mkono wa fundi haufiki, na Eufrazia akarudi Keko na mzigo wake. Lakini alikuwa amebeba na lile swali. Ni yeye? Alijikasirikia kutoka Manzese mpaka Keko, na kujikasirikia hakujui sana, kwa hiyo alikuwa anakosea kosea, mara anamkasirikia Anna, mara dereva wa bajaji.

Barazani alimkuta Mwajabu anapepeta mchele. Alisimama.

"Nipe barafu mbili."

"Za nini? Si friji langu linatunza baridi?"

"Nipe bwana. Nadhani nilizima mwenyewe."

Mwajabu aliweka ungo chini akacheka mpaka akashika mbavu, na Eufrazia alimwacha acheke, kwa kuwa Mwajabu alimdai zaidi ya hapo. "Mgonjwa wako hajanywa uji," Mwajabu alisema alipotulia. "Kila nikimpa kikombe anakigonga. Mkono unatetemeka sana leo."

Unatetemekaga hivyo, Eufrazia alisema. Hata anapomnywesha yeye, uji huishia kwenye shuka.

Aliingia ndani, akaipanga kompyuta mezani, akachomeka waya, akabonyeza swichi ya ukutani na safari hii akaiangalia vizuri. Mfumo mpya ukafunguka kwa dakika chache tu. Video zilikuwepo. Moyo wake ulijaa, akataka kumwita Mwajabu aje aone, akataka kumpigia Anna, akataka kupiga kigelegele. Alimnyanyua Kornelio, akamwegemeza, akageuza kioo.

"Baba Anna, umerudi! Nimekutoa kule kwa meno yangu. Nikuwekee?"

"Ndiyo," alisema Kornelio.

Aliiweka ileile ya Brightson. Muziki ulianza, maharusi wakaingia, sauti nene ikatamba. Eufrazia aligeuka kuchukua kitambaa cha kupangusa vumbi la Manzese kwenye meza. Nyuma yake sauti ilikuwa inasema, "Sasa mwenye miguu asimame..."

Ikakatika.

Aligeuka. Kornelio alikuwa amejiburuza mpaka ukingoni mwa kitanda, nusu ya mwili ikining'inia, na mkono wa kushoto ulikuwa umefika ukutani. Dole gumba lilikuwa juu ya swichi. Alikuwa ameizima na anaendelea kuikandamiza, kana kwamba inaweza kuzimika zaidi.

"Ni wewe," alisema Eufrazia.

"Ndiyo!"

"Ni wewe Jumamosi! Kioo kimeandika usizime, ukasoma, ukazima!"

"Ndiyo!"

"Nimemtukana Mwajabu! Nimemtukana mtoto wa watu Manzese! Nimejitukana mwenyewe njia nzima! Ninayahangaikia haya yote kwa ajili ya nani? Eh? Kwa ajili ya nani?"

"Ndiyo! Ndiyo! Ndiyo!" Kila neno Kornelio alilipigia godoro ngumi. Mate yalikuwa yanamtoka, mishipa ya shingo imesimama. Eufrazia naye hakupoa, alimpa maneno yake yote, na Kornelio akamrudishia lake moja, hakuna aliyemngoja mwenzake. Uani watu waliacha kazi zao wakasikiliza.

Na katikati ya kelele hiyo Eufrazia aliisikia. Aliisikia ile sauti, siyo neno. Ameishi nayo tangu alipokuwa binti, anaijua ikibembeleza, anaijua ikidanganya, na anaijua ikiwa na hasira. Hii ilikuwa hasira. Tena ndiyo hii hii aliyokuwa akiisikia kila siku baada ya chakula cha mchana. Midomo ilikuwa inatetemeka kwa hasira. Shuka lilikunjwa kwa hasira. Mwanaume aliyelala kwenye kitanda cha mgonjwa alikuwa analetewa kila siku mwanaume mwenye suti ya rangi ya maziwa, anamwambia mwenye miguu asimame, na ukumbi mzima unacheka. Na yeye Eufrazia alisimama pale pembeni, anacheka pamoja nao, kisha anakwenda jumuiya kupigiwa makofi.

Alijiona mjinga, na ujinga ule ukamwongezea hasira, na hasira haikuwa na mahali pa kwenda. Akakaa kitandani. Alimvuta Kornelio mabega akamrudisha kwenye mito, si kwa upole sana, akauchukua mkono wa kushoto akauweka ndani ya wake.

"Sikiliza. Ndiyo yako siitaki tena. Kitu ambacho hukitaki, nibane. Unachokitaka, acha. Umeelewa?"

Kornelio hakubana. Alikuwa anahema.

"Hizi video?"

Alibana.

"Hata moja?"

Alibana tena.

"Haya. Uji wa ulezi?"

Alibana kwa nguvu zaidi. Eufrazia alimtazama. "Uji wote ule tangu Pasaka? Ninavyouchekecha?" Mkono haukulegea. "Chai ya tangawizi?" Mkono ukatulia. "Dirisha hili kulifunga mchana?" Alibana. "Mzee Didas anavyokuja kukuombea kwa sauti?" Alibana mpaka pete ikamuumiza Eufrazia kidole, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko kikavu chenye hasira bado ndani yake. Aliuliza shuka la maua. Aliuliza redio. Aliuliza kuogeshwa asubuhi na mapema kabla maji hayajapata moto, na hapo alibanwa kwa muda mrefu.

Maswali yalikwisha, likabaki moja. Alikuwa nalo tangu kwenye uji. Mie je? Ninavyokunyanyua, ninavyokusemea mbele za watu, ninavyolala hapa ubavuni mwako? Mkono wa Kornelio ulikuwa bado ndani ya wake, umetulia, unangoja. Eufrazia aliutoa wake taratibu bila kuuliza, akasimama, akaichukua ile chupa akaenda nje kuumwaga uji.